Sanduku la Dada Idda

Kitandililo,
Makambako.
14 Juni 2025

Mpendwa Dada Idda,

Kamwene, dada. Habari za Bukoba? Mgongo wa shemeji Vitus umepata nafuu? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mama anaota moto tangu asubuhi, na kikohozi kimeanza kumwachia.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, simu imenishinda. Wiki mbili sasa nikiona jina lako linaita, naigeuza kifudifudi juu ya meza ya kazi na kuendelea kupiga randa. Naona aibu.

Ni habari ya sanduku lako, lile alilokuchongea Baba ulipopata kipaimara. Uliponiambia binti yako Anneth anaagwa Agosti kwenda kuolewa na ungependa aondoke nalo, nilikujibu liko salama. Nilikudanganya. Mama naye nilimwambia nimelipeleka karakana kulipiga vanishi.

Siku hizi, kama unavyojua, natengeneza makasha ya kompyuta. Vijana wanaopenda magemu hawataki yale ya bati ya dukani; wanataka la mbao, lenye kioo ubavuni, feni, na taa za rangi ndani. Mwezi wa tatu kijana mmoja wa Dodoma, Anderson, aliagiza lenye sura ya sanduku la kizamani. Mbao zangu za paini zilikuwa mbichi, na mbichi ikipigwa na joto la mashine inapinda. Nikakumbuka mbao ya podo ya sanduku lako, kavu tangu tukiwa watoto. Mbegu za mahindi alizokuwa Mama akihifadhi ndani yake nikazimwaga kwenye gunia, nikalibeba sanduku hadi karakana. Nikajiambia, si dada alilisusa mwenyewe?

Nikaligeuza kasha la Anderson, na lilipendeza, siwezi kuongeza uongo mwingine. Nikaweka picha mtandaoni, sifa zikamiminika. Mtu akauliza nani aliyekata yale meno ya pembeni, yanayoumana bila msumari hata mmoja. Nikajibu: mimi. Baba yuko kaburini, nami nikamnyang'anya hata kazi ya mikono yake.

Siku ile uliponipigia kuhusu Anneth, nilipokata simu nilikwenda kupekua mabaki. Nikakipata kipande cha duara nilichokitoa kupitisha feni, ukubwa wa kisahani cha chai. Gazeti alilobandika Baba kwa ndani lilikuwa limebanduka. Chini yake kuna maandishi ya penseli yake nene: Vitabu vya Idda.

Dada, miaka yote ulisema lile lilikuwa sanduku la kukuozesha, ndiyo maana uliondoka na mfuko wa plastiki ukaliacha. Mimi nami niliamini hivyo. Kumbe mzee alitaka usome, akashindwa kusema.

Usidhani nakueleza haya ili kosa langu lionekane dogo. Nilimwomba Anderson alirudishe. Ameshapanga mashine yake yote ndani, amekataa, na simlaumu. Kwenye ile picha nimefuta jibu langu, nimeandika jina la Baba. Jumapili baada ya ibada nitamwambia Mama. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau aliyeyamwaga ajulikane.

Kipande hicho nimekifunga kwa kitambaa, kipo pamoja na barua hii. Hakiwezi kubeba hata kanga moja ya Anneth, ila ni chako.

Nisalimie shemeji na Anneth. Mke wangu Rebeka anakusalimu. Tangu ajue jambo hili ananiwekea chakula bila kuniangalia usoni. Mungu aliyemtunza Baba akutunze nawe, na akupe moyo wa kunisamehe, hata kama itakuchukua muda.

Mdogo wako akupendaye na kukuonea haya,
Amon

Nilitaka kusahau: usikifute kile kipande kwa kitambaa chenye maji. Maandishi ya Baba yatatoka.