Pilipili Manga Kwenye Mkate wa Sinia

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Chai ya kupunguza mwili tena. Ya tatu mwaka huu. Safari hii hotelini, waandishi sita tumepangwa mbele ya birika kama wagonjwa. Mwenye chai anasema inayeyusha tumbo kwa siku kumi. Nilikunywa vikombe viwili. Ukurasa wangu ni wa afya na sipendi kuandika nisichokionja. Kufikia saa nane mchana wote sita tulikuwa kwenye foleni ya choo. Yule wa michezo alikuwa akigonga mlango huku akicheka mpaka machozi. Hiyo ndiyo itakuwa aya yangu ya kwanza.

Mhariri naye amecheka. Kisha: "Mkawasi, chai tumechoka nazo. Niletee watu wanaotokwa jasho kweli."

Mwaka mzima naandika juu ya miili ya watu. Wangu naubeba tu, kama mkoba.

Jumanne, 6 Agosti

Salma, mpiga chapa wetu, amenipeleka Mji wa Kale baada ya alasiri. Nyumba ya ghorofa, chumba cha juu. Wanawake kumi na wawili. Mabuibui yametundikwa misumarini, madirisha yamefungwa. Kiongozi ni Bi Rukia, mwalimu wa chekechea. Mazoezi ameyatoa kwenye kaseti ya video aliyoletewa kutoka Dubai: kuruka, kunyoosha mikono, moja mbili tatu. Lakini mdundo ni wa chakacha, na viuno vya hapa havijali moja mbili tatu. Sijaona watu wenye furaha namna hii tangu nianze kazi.

Chini anaishi mama mkwe wake Bi Rukia, Bi Mwanasiti, mwenye nyumba. Magoti yamemshinda, hapandi ngazi. Ameambiwa kwamba juu wanashona kofia. Akijua ni ngoma, darasa limekwisha, na hawana chumba kingine kisichopitiwa na wanaume. Nimeapa: hakuna jina, hakuna mtaa, hakuna picha.

Wana kanuni moja. Aingiaye hucheza. Nilionyesha daftari, nikasema niko kazini. Wakanisamehe. Nikakaa juu ya sanduku la nguo na kuandika, na nilijiona kama askari msikitini.

Mwisho, chai. Bi Rukia ameteremka na kurudi na sinia zima la mkate wa sinia. Mama mkwe huuoka kila mara kwa ajili ya "mafundi". Ndani una pilipili manga. Unawasha kidogo kooni, halafu utamu unafuata. Nimekula vipande vitatu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeandika kutwa. Nimefuta mara tano. Mtaa haumo. Mlango haumo. Nimebadili hata rangi za leso. Bi Rukia nimemwita tu "mwalimu".

Mhariri ameisoma makala amesimama, hakugusa neno. Nina furaha ya kijinga. Nimetembea mpaka ufukwe wa Mama Ngina, nimenunua muhogo wa kuchoma, nimetazama watu wanaokimbia. Wote wana nyuso za kulipa kodi. Wale wa kwangu walikuwa wakicheka.

Ijumaa, 9 Agosti

Gazeti limetoka. Saa tatu asubuhi Salma amesimama mezani kwangu, uso umemkauka.

"Umetuua, Mkawasi. Pilipili manga!"

Sikuelewa. Ikabidi anieleze kama anayemweleza mtoto. Mji wa Kale mzima ni mtu mmoja tu atiaye pilipili manga kwenye mkate wa sinia. Watu huuagiza kwa harusi. "Ungeandika jina la Rukia ingekuwa nafuu. Kina Rukia ni wengi. Mkate ule ni mmoja!"

Mimi ni wa Taita. Kwetu mkate ni mkate, hununuliwa dukani umefungwa karatasi. Nimeficha kila kitu ila kile kitu kimoja ambacho mji wote unakijua kwa ulimi. Na nilijiona hodari.

Saa tisa Bi Rukia amepiga simu ofisini. Jirani amemsomea mama mkwe gazeti, mara mbili. Bi Mwanasiti ananitaka kesho alasiri, mimi mwenyewe. Nikauliza kama amekasirika.

"Gazeti hataki kulitoa mapajani," akasema, na akakata.

Nimewaharibia. Kumi na wawili, kwa sentensi moja niliyoipenda.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika kabla hata sijabadili blauzi.

Niliwakuta wote kumi na wawili chumba cha chini, wamevaa mabuibui yao, wamejipanga ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Bi Mwanasiti amekaa kitandani, mdogo, mweupe wa nywele, gazeti mapajani.

"Masalkheri, Bi Mkubwa."

"Akheri. Wewe ndiwe mwandishi? Tazama juu."

Nikakaa mkekani, nikatazama. Kati ya boriti na boriti, dari imebanduka vipande vipande.

"Mwaka mzima chokaa yaniangukia kwenye unga. Kofia gani hizo zashonwa kwa miguu?"

Akamgeukia mkwewe.

"Na kofia yenyewe sijaiona hata moja, Rukia. Hata ya kunidanganyia, mwanangu, hukuweza kuninunulia?"

Salma ndiye aliyeanza. Alijaribu kukohoa, kikatoka kicheko, na ukuta mzima ukavunjika. Bi Rukia alikuwa analia na kucheka pamoja. Akauliza kwa nini basi hakusema.

"Ningesema mngekwenda. Na mimi hapa ningesikia nini? Saa ya ukutani?"

Kumbe alikuwa anajua tangu wiki ya kwanza. Ndiyo maana ya mkate: achezaye huona njaa, mshonaji hamalizi sinia zima.

Kisha ikafika zamu yangu. Akapiga gazeti kwa kidole.

"Umesema mkate wangu wawasha kidogo. Kidogo! Haya. Na umeandika jasho la wenzio mstari kwa mstari. Lako liko wapi?"

Nikasema nilikuwa kazini, Bi Mkubwa.

"Hata mimi nilikuwa kazini. Inuka."

Amri zake: kuanzia leo ngoma ni chini, kabla dari haijamwua. Komeo litiwe mlangoni. Na mwandishi aanze, peke yake, katikati ya mkeka.

Mara ya mwisho kucheza ilikuwa shule ya bweni, mstari wa nyuma wa kwaya. Niliinua mguu, nikauweka. Mtu akasema, "Taita wanapanda mlima!" Nikaona aibu mpaka masikioni. Ndipo Bi Mwanasiti akavuta sinia tupu, akalilaza mapajani juu ya gazeti, juu ya makala yangu, akaanza kulipiga kwa vidole. Taratibu kwanza. Sijui lini niliacha kujitazama. Najua tu kwamba nilipofumbua macho wote walikuwa ndani ya ngoma, mabuibui chini, na blauzi yangu imelowa mgongoni, na mtu alikuwa akicheka kwa sauti kubwa, na alikuwa mimi.

Jumanne, 13 Agosti

Mapaja yanauma. Ngazi za ofisi nimezipanda nimeshika ukuta. Mhariri anataka sehemu ya pili ya wale wanawake. Nimemwambia hakuna. Amenipa mtu anayeuza mkanda wa kutetemesha tumbo.

Alasiri nilikwenda. Daftari nililiacha mlangoni, kando ya viatu.

Baada ya ngoma, mkate. Bi Mwanasiti amezidisha pilipili manga, nadhani mara tatu. Wenzangu walikimbilia maji. Yeye alinitazama mimi tu. Nilikula vipande vitatu, machozi yananitoka, wala maji sikuyagusa.