Chumba Kisichofagiwa

Uswisi, 20 Januari 1956

Dada mpendwa Tekla,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Baba na mama hawajambo? Waambie nilifika salama na Bruda Hermenegildi, na kaka yake amenipokea kwenye karakana yake ya useremala. Baridi ya huku haisemeki. Ziwa la kijiji limeganda, watu wanapita juu yake na viatu.

Jumapili baada ya misa wazee wazima wanatelezesha mawe juu ya barafu! Jiwe moja ni kama kilo ishirini, lina mshikio kama wa birika. Mmoja analisukuma, wawili wanakimbia mbele yake wakifagia ili liteleze mpaka kwenye duara lililochorwa. Mchezo unaitwa kaling. Juzi mfagiaji mmoja aliugua, nikapewa fagio. Nimefagia uwanja wa misheni miaka minne, dada, walinishangaa.

Nitarudi Krismasi ya mwaka kesho, kama nilivyomwahidi baba.

Mdogo wako,
Kelestini

Ifakara, 18 Machi 1956

Mdogo wangu Kelestini,

Marahaba. Sisi wazima, ila mama na magoti yake. Barua yako nilimsomea baba akiziba mtumbwi. Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani jiwe linafagiliwa njia kama askofu?" Kisha akasema, "Mwambie ajifunze vizuri. Siku moja atafagia chumba changu."

Nilimkemea, lakini unamjua baba. Alikuwa amekumbuka alivyofagia chumba cha babu. Ukoo wetu ndivyo ulivyo, chumba cha marehemu hakiguswi mpaka mwanawe wa kiume akifagie, na mjane hatoki mkekani kwenda shamba kabla ya hapo. Wa kiume ni wewe peke yako. Basi usiivunje mikono yako kwa mawe ya watu.

Dada yako,
Tekla

Uswisi, 3 Machi 1957

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mwaka mzima sijaandika, naona haya. Hamjambo? Kikohozi cha baba je?

Sasa nasukuma mawe mwenyewe, na kufagia nafagia bado. Tumekuwa mabingwa wa wilaya nzima. Nakutumia kipande cha gazeti. Chini ya picha wameandika majina ya wenzangu watatu, na mimi "Mwafrika". Nahodha wetu alikwenda kuwagombeza, wakasema jina langu ni refu. Liliniuma, sitaki kukuficha.

Wamenichagua kwa kombe la taifa, Februari ijayo. Mwambie baba nitachelewa miezi miwili tu.

Mdogo wako,
Kelestini

Ifakara, 9 Novemba 1957

Mdogo wangu,

Salamu. Baba ni mgonjwa sana, hajiwezi. Baba mdogo Antoni ameshafika kutoka Uchindile. Shangazi Balbina amevuka mto kutoka Lupiro na wanawe wote. Nyumba imejaa mpaka uani. Mama yuko mkekani, hasemi.

Usisubiri kombe. Njoo, Kelestini. Njoo tu.

Dada yako,
Tekla

Uswisi, 28 Novemba 1957

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimeshtuka sana. Nilikimbia kwa daktari wa hapa, nikamweleza kikohozi cha baba, akanipa vidonge. Natuma kwa ndege. Anywe viwili asubuhi, viwili jioni, baada ya kula. Nimefurahi ndugu wamekuja, hatakuwa mpweke. Mlazeni karibu na moto.

Fainali ni tarehe 16 Februari. Siku ya pili yake naondoka. Mwambie baba kombe nitamletea atilie tumbaku.

Mdogo wako,
Kelestini

Ifakara, 4 Januari 1958

Kelestini,

Dawa zimefika. Nilizishika mkononi nikakaa chini.

Tangu lini watu wa kwetu wanaandika kifo kwenye karatasi? Babu alipokufa ni wewe uliyetumwa Lupiro kumwambia shangazi "babu ni mgonjwa, njoo", na shangazi akaanza kulia kabla hujamaliza. Nimekuandikia Antoni amefika, Balbina amefika, mama yuko mkekani. Ulitaka nini tena?

Basi nakuandikia kizungu, maana umekuwa mzungu. Baba amekufa. Tulimzika tarehe saba Novemba.

Chumba chake hakijafagiwa. Mama bado yuko mkekani, mvua zimeanza, wenzetu wanapanda mpunga na shamba lake ni magugu matupu. Tutakula nini mwaka huu? Wazee wamekubali kusubiri mpaka mwisho wa Februari. Ukianza safari sasa utawahi.

Dada yako,
Tekla

Uswisi, 17 Februari 1958

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliipata tarehe ishirini na tano Januari. Sikuondoka. Nilijiambia baba amekwisha kufa, wiki tatu hazitamuumiza. Mama sikumfikiria. Nasema ukweli kwa kuwa uongo nimeshajiambia wa kutosha.

Jana tumeshinda. Jiwe la mwisho lilikuwa linafia njiani, nikalifagilia mpaka likaingia duarani, machozi yananitoka. Watu walidhani ni furaha. Mimi nilikuwa naiona sakafu ya baba.

Kesho napanda garimoshi kwenda bandarini. Meli itafika Dar es Salaam katikati ya Machi. Niombee kwa wazee wanisubiri. Lile fagio la chelewa la baba mlitunze.

Mdogo wako,
Kelestini

Ifakara, 8 Machi 1958

Kelestini,

Barua hii naituma misheni ya Dar es Salaam, utaikuta.

Tarehe mosi nilifagia mimi. Antoni alikataa mara tatu. Mama ndiye aliyesema, neno lake la kwanza mbele ya wazee tangu msiba, "Na Tekla nilimzaa mimi." Nikaingia. Vumbi lilijaa ungo mmoja: tumbaku, nyuzi za wavu, vibanzi vya mtumbwi. Chini ya mto wake nilikuta ile picha ya gazeti. Mwaka jana alinisumbua nimwonyeshe herufi, sikujua za nini. Chini ya picha, kwa makaa, ameandika KELESTINI. Herufi zimepinda, lakini zote zipo.

Picha nimeibandika ukutani. Fagio tulilichoma siku ileile, kama ilivyo desturi. Mama alikwenda shamba kesho yake, ingawa mto Lumemo ulikuwa umeshafika kwenye majaruba ya mpunga na mbegu nyingi zitaoza.

Usihangaike kukimbia njiani. Ukifika, piga hodi kama watu wengine, tutakukaribisha.

Tekla binti Ponsiano