Usimfiche Wajina Wangu

Mombasa
9 Juni 1973

Kwa Mama mpendwa,

Nisamehe sana kwa kukaa muda huu wote bila kukuandikia. Kalamu ninayo. Lakini kila nikiishika naona neno la kwanza litakuwa "narudi", na wewe na mume wangu Njeru mmehangaika mno kunitoa hapo Kibugu. Nikasema nitangoja meli ifike, halafu niandike wakati hakuna kurudi tena. Imefika jana.

Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya mwezi huu? Na Mbae, amekubali kikombe? Saa yake ya kunyonya ikifika matiti bado yananiuma, mwili haujaelewa kwamba nilimwachisha. Usimpe chai hata akilia. Najua utampa. Usimpe.

Ciakuthii anakusalimu. Joto la huku limemshinda, yeye na moyo wake mbovu. Midomo ni kama ya mtu aliyekula zambarau, na siku hizi anasema maneno mawili, anapumzika, ndipo anaongeza la tatu. Tukitembea kidogo anachuchumaa katikati ya njia mpaka pumzi imrudie. Jana mzee mmoja alitufukuza mbele ya duka lake, akidhani mtoto anataka kujisaidia. Ciakuthii akaniambia, "Mama, mwambie... napumzika... tu." Nilicheka, halafu nikalia.

Sasa meli. Nilidhani ni mtumbwi mkubwa. Ni nyumba za chuma, moja juu ya nyingine, na chini yake hakuna kitu. Nilisimama nikitafuta ng'ambo, kama vile ukisimama kando ya mto Rupingazi unaona watu wa upande ule wakichota maji. Mama, hakuna upande ule.

Mwenye nyumba tunapolala aliniambia kwamba mtu akifa melini hushonewa ndani ya turubai na kutiwa baharini. Nikamuuliza, akifa, au akikaribia kufa? Akasema, "Wee mama, kwani mimi nimewahi kupanda?" Tangu hapo sina usingizi. Nyanya yangu alinisimulia kwamba zamani kwetu hawakungoja mtu akate roho nyumbani. Mgonjwa akizidiwa alibebwa akiwa hai, akaachwa porini, ili nyumba isipate mkosi wa maiti. Na meli ni nyumba ya watu, tena watu wasiotujua.

Ningepanda ndege hadi Bombay kama si yule daktari wa misheni kusema hewa ya juu itammaliza. Basi nimeamua. Daktari wa meli hatamwona. Nikiulizwa nitasema ni mafua, na midomo nitaifunika kwa leso.

Kesho tunapanda. Ukiandika, tuma hospitali ya Bombay, Njeru ana anwani.

Binti yako,
Mama Ciakuthii


Kibugu
14 Juni 1973

Kwa mama yangu,

Nakuita hivyo kwa haki. Mtoto wako wa kwanza wa kike ana jina langu mimi mama mkwe wako, basi umenizaa, na mimi niko huko majini na wewe. Sisi wengine ni wazima. Mbae anakunywa kikombe. Chai nimempa mara moja tu, acha kelele.

Barua yako imefika leo na wewe umeshaondoka. Njeru aliisoma, akaenda kukaa kwenye shamba la majani chai peke yake. Mimi nimechukua kalamu mwenyewe, ingawa mkono wangu ni wa misheni na herufi zinapanda mlima.

Jedidah, nisikilize. Mambo ya porini nyanya yako hakukudanganya. Lakini mimi sikusimuliwa. Mimi nilibebwa.

Ulikuwa mwaka wa ile homa kubwa. Nilikuwa na umri kama wa wajina wangu sasa. Nilipoacha kujibu nikiitwa, baba yangu na ndugu yake walinitoa, wakaniwekea moto kando, wakaenda. Nilisikia miguu yao ikikimbia. Sijui nililala kiasi gani. Kilichoniamsha ni kiu. Moto ulikuwa majivu, na fisi hakuja. Nikainuka, nikafuata kengele za mbuzi hadi nyumbani. Mama yangu aliponiona alianguka. Walichinja mbuzi kwanza ndipo nikaruhusiwa kuingia mlangoni, na baba hakuweza kunitazama usoni mpaka nilipoolewa. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu, na hofu ndiyo ilinipeleka kule.

Sasa wewe ukimfunika huyo mtoto leso na kukaa naye peke yako, umempeleka wapi? Mimi kule porini nilitamani mtu yeyote anione. Hata adui. Usimfiche wajina wangu. Mpeleke kwa daktari wa meli, akikataa kumtazama lia, piga kelele, vua kilemba.

Najua barua hii itakukuta umefika. Nimeiandika hata hivyo, kwa maana siwezi kulala nayo kifuani.

Kamba yake ya kurukia bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Watoto wa jirani yetu Nelius waliiomba, wakasema kwani Ciakuthii huruka? Si yeye hushika tu mwisho wa kamba wenzake wakiruka? Nimewafukuza.

Hapa chini ambapo wino umetanda ni mate yangu. Wakati wa kuondoka ulikimbilia gari na sikuwatemea mate ya baraka vizuri. Mpake mtoto kifuani.

Mama yako,
Ciakuthii mkubwa


Bandari ya Shelisheli
15 Juni 1973

Kwa Mama,

Hamjambo wote? Sisi tuko, sijui niseme vipi. Tumesimama kwenye kisiwa na kuna mtu anachukua barua.

Tunalala chini kabisa ya meli, karibu na injini. Kitanda kinatetemeka usiku na mchana. Watu wanatapika. Mimi nimetapika mpaka naona nyota, lakini sithubutu kulala, nahesabu pumzi zake.

Jirani yetu ni mama wa Kihindi anaitwa Mama Kanta. Hutaamini, mume wake alikuwa na duka la vitambaa Meru mjini, na Kimeru chake kinanishinda mimi mtu wa Embu. Siku ya kwanza alituangalia, akasema, "Mbona mtoto amefungwa uso kama bibi harusi wa Kiislamu?" Nikasema mafua. Akasema, "Mafua ya bluu?" Nikamgeuzia mgongo. Tangu hapo ananiletea ndimu ya kunusa, na macho yake hayatoki kwetu.

Mama, ile habari ni kweli. Juzi asubuhi mzee mmoja alifariki. Alikuwa amelazwa kwa daktari. Walimleta amefungwa turubai kwenye ubao, injini ikanyamaza kidogo, wakainua ubao. Hakukuwa na shimo, wala mchanga wa kutupa, wala mahali pa kuweka hata jiwe. Maji yalijifunga papo hapo kama hayakula kitu, na meli ikaendelea. Na mimi ninajua tu kwamba aliingia kwa daktari akitembea. Nilimwona na macho yangu.

Ciakuthii aliuliza, "Ataamkia... wapi?" Nikamrudisha chini kitandani.

Tangu jana kucha zake zimekuwa nyeusi, na uji haupiti kooni. Kutoka hapa hakuna kusimama tena mpaka Bombay. Mhudumu akipita namlalia Ciakuthii kwa juu kama ninamnyonyesha, msichana wa miaka saba. Niombee. Sitamtoa.

Mama Ciakuthii


Kibugu
2 Julai 1973

Mama yangu Jedidah,

Barua ya Shelisheli tumeipokea leo. Salamu sina.

Njeru amekimbia posta Embu kuuliza kama simu inaweza kufuata meli. Karani amemwambia meli ilitia nanga zamani, na lililokuwa limekuwa. Neno hilo ndilo tumekaa nalo hapa jikoni, mimi na yeye, hakuna anayewasha moto.

Kama alikwenda, usijitwike hilo kosa. Rudi. Mbae anakuhitaji, na mimi nitakupokea mlangoni bila mbuzi wala swali. Kama yuko, andika hata neno moja. Andika "yuko". Njeru anashuka Embu kila siku ya posta.

Ciakuthii mkubwa


Bombay
21 Julai 1973

Kwa Mama mpendwa,

Yuko.

Nimeanza na hilo usije ukasoma ukitetemeka. Keti sasa, mwite Njeru aketi pia.

Asubuhi iliyofuata Shelisheli nilimwita na hakuitika. Macho yalikuwa wazi kidogo, meupe. Hata hapo, Mama, nilivuta blanketi nikamfunika, ili asionekane. Mama Kanta alinisukuma nikaanguka. Akasema, "Unaficha mtoto kama watu wanavyoficha pombe chifu akipita?" Akamtia begani, mwanamke mzee hivyo, akapanda ngazi zote akipiga mayowe kwa Kihindi na Kimeru, mimi nyuma yake nimeshika mguu mmoja wa mtoto nisiuachilie.

Daktari alikuwa kijana. Aliwasha chupa kubwa ya hewa, akamwekea mpira usoni, akamkunja magoti hadi kifuani, vile vile yeye mwenyewe hujikunja akichuchumaa. Midomo ikaanza kurudi, polepole. Kisha alinikaripia kwa Kiingereza. Mama Kanta alitafsiri, na nadhani alipunguza.

Mimi nilimshika daktari mkono, nikasema, "Usimtoe nje, bado yu hai." Hakuelewa. Mama Kanta, aliyeyajua tangu Meru, akamweleza habari za kwetu, za porini. Akavuta kiti, akakiweka kati ya kitanda na mlango, akasema ataketi hapo mpaka nilale. Nililala, Mama. Yule mzee wa turubai naye, daktari aliniambia, alipanda meli akiwa na uvimbe tumboni na hakusema mpaka siku ya mwisho. Alikuwa anaogopa daktari.

Barua yako ya porini niliikuta hospitalini ikinisubiri. Niliisoma nimesimama. Kila neno lilinipata, na sijui kama ningelisikia mapema ningelitii. Pale penye mate nilipapaka maji kidogo, nikampaka kifuani kabla hawajamchukua. Muuguzi alikasirika, akampangusa tena kwa dawa. Lakini mimi nilitangulia.

Walimpasua moyo tarehe kumi na mbili. Sikuandika kwa sababu sikutaka kuandika "yuko" halafu nitume barua nyingine. Alikuwa na homa, tukangoja. Leo wamemwondolea mipira. Kucha ni za waridi. Nimezitazama mpaka akaniuliza kama zimechafuka.

Tutarudi kwa meli, hakuna njia nyingine, na bado naiogopa kuliko kitu chochote. Lakini siku ya kwanza nitabisha mlango wa daktari.

Tutakaa hapa kama miezi miwili, kwa hiyo kuna vitu tunahitaji. Nilimwuliza ataje anachotaka. Ameketi kitandani akavitaja vyote kwa pumzi moja, bila kupumzika popote, mpaka kalamu ikaniponyoka. Nilimwambia arudie ili niandike, akarudia, tena kwa pumzi moja. Tuma hivi:

Unga wa wimbi, ule wako wa kusaga mwenyewe, si wa dukani. Uufunge mara mbili.

Nduma nimekataa, zitaoza njiani. Amenuna.

Sweta yake nyekundu, ya kuvaa siku tutakapofika Kibugu. Mikono iongezwe.

Picha ya Mbae. Asiwe ameshika kikombe cha chai.

Barua nyingine yenye mate, ya safari ya kurudi. Mengi kuliko yale.

Kamba ya kurukia. Iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

Binti yako,
Mama Ciakuthii