Sumaku Niliyoipigia Debe, Kisha Nikaikataa

Alhamisi, Kitale. Manyunyu tangu asubuhi, na stima inapepesa kama macho ya mtu aliyenyimwa usingizi.

Leo nimeupinga mradi wangu mwenyewe. Niliuandaa kwa bidii ambayo mke wangu, kule nyumbani Bungoma, hajawahi kuiona nikishughulikia paa letu linalovuja.

Mimi ni fundi wa umeme hospitalini. Jenereta yetu huchelewa kuamka, kama mimi. Mashine ya oksijeni katika wodi ya watoto wachanga haina subira hiyo: umeme ukitetereka kidogo tu inazima, na haiwaki hadi mtu aibonyeze. Wiki hii inamsaidia mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, wa mama mmoja kutoka Cheptais. Mtoto ni mdogo hata anaweza kulala ndani ya kofia yangu.

Nilitaka tununue sumaku ya kuhifadhi umeme. Ni koili ya waya unaopozwa kupita barafu yoyote, hadi umeme ukiingia unazunguka humo bila kupungua. Stima ikiyumba, umeme huo unatoka papo hapo. Asubuhi nilikieleza kikao cha hospitali hayo kwa mikono miwili, kama mhubiri.

Sista Nekesa, mkuu wa wodi ile, alinisikiliza hadi mwisho.

"Fundi, na friji ya kuipoza inatumia nini?"

"Stima, Sista."

"Stima hii yetu?"

Kikao kikacheka. Kabla kicheko hakijaisha, taa zikapepesa. Sista akatoka mbio. Sisi wengine tulitazama dari.

Nikamfuata. Alikuwa ameshaiwasha mashine. Mama wa mtoto alisimama kando, mkono mdomoni.

Mashine ilikuwa kwenye soketi nyekundu, mojawapo ya zile tatu zenye betri moja ya akiba. Haikupaswa kuzima. Lakini soketi ya pili ilikuwa na birika la chai, na ya tatu simu zimerundikana. Hapa kwetu soketi nyekundu ndiyo inayoaminika, kwa hivyo kila mtu huiletea shida zake. Betri ikilemewa, inajikata.

"Ati chai yetu ndiyo imezima oksijeni?" Sista aliuliza polepole.

"Chai na simu. Hata sumaku, bana, ingeishia kuchemsha chai."

Simu moja ilikuwa yangu.

Nilirudi kikaoni nikaondoa ombi la sumaku. Nikaomba betri mpya, ya mashine ile peke yake.

Alasiri stima ilipepesa tena, birika likiwa limehamishiwa jikoni na simu zimechomolewa. Mashine iliendelea kunguruma. Sista alikuwa tayari ameinuka, kidole juu ya kitufe. Nilimwambia akae. Hakukaa.

Mtoto yule atakuwa pale kwa muda. Sumaku inaweza kungoja. Je, mimi nitaweza kuilinda soketi moja dhidi ya watu wanaopenda chai, nikianza na mimi mwenyewe?