Sauti ya Mama kwenye Mkanda wa Harusi

Gatsata, Kigali
Jumapili

Dada Phiona,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mwanangu Careen ameota meno mawili. Kompyuta ya kuhamishia mikanda yetu ya video nilishainunua kwa fundi mmoja wa mtaa wa Sonatubes. Ulisema nichukue diski mbili, moja ya kuwekea nakala za akiba, nikakuona mwoga. Nikachukua kadi ya picha yenye nguvu, ya kusafishia video, na diski moja ndogo.

Mkanda wa harusi yako, ule aliourekodi marehemu Mama, uliingia vizuri kwenye kompyuta. Wakati wa kuutoa, deki ikautafuna. Sikujali, nilishakuwa na nakala. Nikaiambia programu isafishe picha na iondoe kelele. Diski ikajaa, nami nikafuta nakala ya kwanza kabla ya kuisikiliza ile mpya.

Picha imetakata, dada, hata shanga za shingoni mwako zinahesabika. Lakini Mama alikuwa nyuma ya kamera, na sauti yake ilichanganyika na mlio wa kamera. Programu imeondoa vyote. Hatuna sauti yake nyingine.

Pale mlangoni unageuka, unacheka, unasema, "Abee, Mama!"

Hakuna aliyekuita.

Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Mutsinzi