Hotuba ya Jumatano

Alhamisi, 28 Aprili 2011
Philomena, mke wa mdogo wangu Elkana, kapiga simu kutoka kijijini. Vurugu! Watu wameng'oa uzio wa kampuni ya dhahabu, ule uliopita katikati ya shamba letu la Ujamaa. Mabomu ya machozi. Gari limechomwa. Elkana yuko rumande.
Nikasubiri hasira. Haikuja. Nikaosha vyombo.

Jumapili, 1 Mei
Baada ya ibada Tumsifu, katibu wa kamati yetu ya kutetea ardhi ya kijiji, kanivamia kwenye chai. "Mzee Cyprian, Jumatano wenye hisa wa kampuni wanakutana hapahapa ughaibuni, mjini kwetu, nasi tunaandamana. Bila wewe hayo si maandamano, ni foleni ya basi!" Watu wakacheka. Nimekubali kuhutubia. Miaka ishirini nawararua kwa kalamu waliouza mali ya umma kwa bei ya kutupa. Nikataeje?

Jumatatu, 2 Mei
Gift kaja kutoka Richmond Hill, kitongoji cha nje ya mji. Binti yangu huyu ni mhasibu wa kampuni hiyohiyo. Nasema Kiswahili, anajibu Kiingereza. Bosi wake anadai kampuni ndiyo mlalamikaji, inaweza kufuta kesi. Mkutano ukiisha kwa utulivu, bila hotuba yangu, Elkana ataachiwa. Nikauliza: ahadi hiyo ni kwa maandishi? Hapana, kwa mdomo.
Zamani ningepiga meza. Nikamuuliza kama amekula.
"Dad, please," akasema. Hakula.

Jumanne, 3 Mei
Philomena tena. Elkana anakohoa damu. "Shemeji, ninyi mnaongea huko, kesi tunabeba sisi. Nyamaza mara moja tu!"
Nikauliza, yeye mwenyewe anasemaje?
Akajibu: anasema usinyamaze. "Lakini huyo ni mjinga kama wewe!" Akakata.

Jumatano, 4 Mei
Niko kwenye ngazi za hoteli. Mvua. Hotuba imelowa mfukoni. Mlinzi kaniomba nisogee pembeni — nimesogea. Mimi!
Wenye hisa wanapita na miavuli yao. Gift yuko ndani, nyuma ya kioo, kitambulisho shingoni. Ananitikisia kichwa, taratibu.
Simu inatetema. Philomena. Katoka? Kafa? Nikipokea nitajua la kufanya. Sipokei.
Tumsifu kanipa kipaza sauti. "Mzee, weka kalamu, wanaingia!"
Mkono mmoja bado unaandika, dole gumba la mwingine liko kwenye swichi ya kipaza sauti. Bado naisubiri hasira —