Wimbo Uliokuwa Ukiumalizia Mwenyewe

Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya duka la fundi wa redio, hapa Machakos mjini. Ndani, nyuma ya pazia, fundi ameifungua kaseti yako, ile ya mwanamke wa kinubi. Mjukuu wako Syombua, niliyempa jina lako, yuko huko anamwangalia. Mimi nimeshindwa. Nimesema natoka kupunga upepo kidogo, na upepo wenyewe hakuna.

Fundi hakunificha. "Mama, hii tepu imeshikana, imekula unyevu miaka mingi. Nitaihamisha kwa ganda ingine, niipitishe mara moja tu, irekodiwe kwa kompyuta. Ikikatika nitaunganisha, lakini pale imekatikia patapotea." Nikamuuliza kama itakatika. Akaniangalia juu ya miwani. "Mimi si Mungu, mama."

Sauti yako yote iliyobaki duniani iko kwenye kipande hicho. Ulituacha kabla simu za kupiga video hazijafika kwetu Mwala, na picha zako mbili haziongei.

Unakumbuka kaseti hizo zilivyokuja? Yule sista wa misheni uliyempikia miaka mingi alikuwa anarudi kwao Ayalandi. Akakuachia sweta, birika, na kaseti tatu za mwimbaji wa nchi yao. Kwenye jalada palikuwa na mwanamke wa nywele ndefu, ameegemea kinubi kikubwa kumshinda. Uliliangalia jalada, ukaligeuza, ukasema, "Kumbe kinubi cha Daudi ndicho hiki! Mimi nilidhani ni kitu cha kushika mkononi."

Kaseti ya pili hukuipenda, maana walikuwemo wapiga filimbi na ngoma. "Hawa wanamsumbua," ulisema. Ulimpenda akiwa peke yake, kama kwenye ile ya kwanza, sauti na nyuzi tu, hadi pumzi yake ukiisikia kabla hajaanza mstari. Sista alikuwa amekueleza kwamba wimbo mmoja ni wa kukamulia ng'ombe. Ulicheka wewe! Kesho yake asubuhi ukauimba zizini, kwa lugha usiyoijua hata neno moja, na ng'ombe wetu akakupiga teke vilevile.

Shida ilikuwa betri, mawe ya redio kama tulivyoyaita. Ulikuwa ukiyaanika juani juu ya bati yapate nguvu. Na wimbo wa mwisho wa kaseti ile ya kwanza, mrefu, hukuwahi kuuacha ufike mwisho kwenye mashini. Ukifika katikati unazima, halafu unaumalizia mwenyewe kwa mdomo huku ukibambua mbaazi. Nimekua nikijua wimbo huo una nusu mbili, nusu ya mzungu na nusu yako.

Sasa niseme kosa langu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimemwona mjomba akiziba vile vitundu vya juu ya kaseti kwa karatasi ili aweze kurekodi. Na mimi, mwaitu, nilidhani ukirekodi sauti inaongezeka juu ya ile nyingine. Nilidhani mtaimba wawili. Mchana ule ulipozima, nikaichomoa kaseti, nikaziba vitundu kwa karatasi ya daftari, nikairudisha, nikaiweka redio nyuma ya mlango na kubonyeza kitufe chekundu. Wewe ulikuwa kwenye kigoda nje, umeshaanza nusu yako.

Jioni uliiwasha. Yule mwanamke akaimba, akafika katikati, pakalia "tk", akatoweka, ukatokea wewe. Ukazima papo hapo. "Ameenda wapi?" uliuliza. Nikasema, "Nimemfuta." Hukunichapa. Laiti ungenichapa! Ulitoa kaseti, ukaifunga kwenye leso, ukaiweka chini kabisa ya sanduku pamoja na kadi zetu za ubatizo. Hukuicheza tena hadi ulipokufa. Zile nyingine mbili zilichezwa zikachakaa, hii hapana. Kila ulipoimba ukifanya kazi nilikuwa najiambia, kitu kimoja kilichokuwa chake peke yake, nimemwibia.

Nimebeba hilo hadi nina mvi. Na hata leo nisingekuja hapa kama si Syombua. Amepata kazi ya uuguzi, na unajua wapi? Huko huko kwa yule sista. Anaondoka Jumamosi. Namwaza huko kwenye baridi, hana wa kumuuliza kama amekula. Mwezi uliopita alitafuta kwenye simu akampata yule mwimbaji na kaseti zake zote, hata za juzi alizoimba na kinubi chake, nywele zimekuwa nyeupe. Tukausikiliza ule wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho. Mara ya kwanza maishani mwangu, mwaitu! Ni mzuri. Lakini ilipofika katikati na yeye akaendelea, nilikuwa nakungoja wewe. Nikalia, na mtoto akashtuka. Nikamweleza yote, akasema, "Mum, siendi bila hiyo sauti."

Sasa pazia linatikisika. Syombua anaita, "Mum, kuja! Kuja haraka!" Naiacha kalamu.

Nimerudi, mwaitu. Ngoja nipumue.

Nilipoingia, uso wa fundi ulikuwa umelowa jasho. "Imekatika," alisema. Nikashika meza. Syombua akanishika bega. "Imekatika kwa kinubi, Mum. Kwa kinubi tu. Susu yuko." Susu, yaani nyanya yake, ni wewe.

Wakanivalisha vile vya masikioni. Kinubi, kikaruka kidogo pale palipokatika, kikaendelea, halafu "tk". Halafu wewe. Mungu wangu. Nilikuwa nimesahau sauti yako ilikuwa nyembamba hivyo, na kwamba ulikuwa kijana, mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Nilisikia mbaazi zikianguka kwenye sufuria. Kuku alipita, ukamfukuza bila kukatisha mstari. Ukaimba hadi mwisho, taratibu, yale maneno yasiyo maneno. Nikadhani imeisha, nikataka kuvitoa masikioni, lakini fundi akaninyooshea kidole, ngoja.

Ukasema, sauti yako imeelekea mlangoni kabisa, "Ndunge, nimemaliza. Zima mashini, mawe yataisha."

Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Ulikuwa unaniona. Ulijua kitufe kimebonyezwa, ukaimba hadi mwisho. Basi jioni ile hukuuliza ukiwa umenikasirikia. Uliuliza kwa sababu na wewe, mwaitu, ulidhani mtaimba wawili. Tulikosea pamoja, mimi nyuma ya mlango na wewe kwenye kigoda. Kwa nini uliifungia sandukuni, sijui, na sitakubuni majibu. Ila nilikuomba msamaha miaka yote hii kwa kitu ulichonipa mwenyewe.

Syombua ameshakuweka kwenye simu yake. Ameniambia huko ataanza na mwanamke wa kinubi, katikati atamzima, halafu atakuwasha wewe. Bado naogopa Jumamosi, sitakudanganya. Lakini mtoto haendi peke yake.

Lala, mwaitu. Mbaazi za mwaka huu zimeshika vizuri.

Ni mimi binti yako Ndunge. Nimezima.